Malori Mawili kwa Usiku

Mwaka 2018 nilikuwa na miezi minane tu kazini. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya takwimu, nikaajiriwa Nairobi na kampuni ya ushauri wa usimamizi, cheo changu mchambuzi. Nyumbani hawakuielewa kazi yenyewe. Mama aliwaambia majirani zetu wa Majengo, "Aenda kwa matajiri kuwaambia wafanye nini," nami sikumsahihisha. Ila wenye kuwaambia matajiri walikuwa wakubwa zangu. Mchambuzi wa mwaka wa kwanza hukusanya rekodi na mahojiano, huzisafisha hesabu kwenye Ekseli, huzigeuza grafu, grafu zikaingia kwenye slaidi za mtu mwingine kusimama nazo. Na kila Ijumaa hujaza fomu ya saa alizomfanyia mteja, nusu saa kwa nusu saa.

Mwezi wa Machi timu yetu ilitumwa Mombasa. Nikarudi kwetu kama mgeni: nalala hoteli ya Nyali na mama yuko ng'ambo ya daraja, kwa sababu timu hukaa pamoja na kazi huendelea hadi usiku wa manane. Kwa wiki sita nilikula nyumbani mara mbili.

Mteja alikuwa na yadi ya makontena huko Changamwe. Treni ya mizigo ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilikuwa imeanza Januari mwaka ule ule, na makontena yaliyozoea kutoka bandari ya Kilindini kuja kwenye yadi za Mombasa yakaanza kupakiwa relini moja kwa moja hadi Embakasi, Nairobi. Kazi ikapungua, wenye yadi wakataka gharama zipungue pia. Ndiyo maana tuliitwa.

Wengi hawajui kwamba katika kazi hii jibu hutangulia hesabu. Wiki ya kwanza timu huandika dhana yake, kisha hutengenezwa slaidi tupu zenye vichwa tu, na kila kichwa ni sentensi kamili inayotamka jambo. Kazi ya mchambuzi ni kwenda kutafuta hesabu za kuithibitisha sentensi hiyo au kuivunja. Njia hii naitetea hata leo, kwani bila dhana mtu huzama kwenye data asiibuke. Lakini sentensi ikishaandikwa kwa herufi nene, na mkuu akaisoma akaitikia, kuivunja kwataka moyo. Sentensi niliyopewa mimi ilisema: "Zamu ya usiku getini haina kazi, ifutwe." Nyuma ya sentensi hiyo walikuwapo watu kumi na mmoja.

Na rekodi za kompyuta ziliikubali. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, malori yaliyoingia yalikuwa mawili tu kwa wastani. Halafu kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, yanafurika.

Ilikuwa Jumanne ya wiki ya tano, tuwasilishe Alhamisi. Saa sita usiku nilikuwa chumbani naipanga rangi ya grafu, na ile nguzo ya saa kumi na mbili imesimama kama mnara wa msikiti katikati ya vibanda. Nikaitazama muda mrefu. Baba alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini, na utotoni mwangu wiki za zamu ya usiku ndizo alizorudi amechoka zaidi. Madereva wote wa Changamwe wanalalaje pamoja na kuamka pamoja? Nikampigia dereva wa teksi tuliyemzoea.

Yadini nilikuta matrela yamejipanga kandokando ya ua mpaka kwenye kona. Muuza kahawa alikuwa na dele lake na kashata, madereva wamemzunguka. Mzee mmoja wa geti, mwenye kofia ya vito, alikuwa akipita lori kwa lori na daftari kubwa kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usiku huu?"

Nikamwomba nifuatane naye. Nyuma ya kila kontena alisimama, akaishika lakiri, kile kifungo cha chuma cha kuuziba mlango wake, kwa vidole viwili, akaivuta mara mbili aone kama imekaza, kisha akamulika tochi na kuisoma nambari yake kutoka mwisho kurudi mwanzo. Nikamuuliza kwa nini anaisoma kinyume. Akasema ukianza mwanzoni, jicho lasoma karatasi uliyokwisha kuiona, halisomi chuma. Ndipo akaandika: saa, nambari ya lori, kontena, lakiri, jina la dereva. Baada ya hapo geti hufunguliwa. Kufikia saa nane usiku nilikuwa nimehesabu malori ishirini na tatu.

"Mbona hayamo kwenye kompyuta?"

"Kompyuta ina mwenyewe. Yuwaja saa kumi na mbili. Akifika twamsomea, yeye aingiza."

Basi ndiyo hivyo. Kompyuta iliandika saa ambayo mtu aliketi mbele yake, nami kwa wiki tano nikaichukua kuwa saa ambayo lori lilipita getini. Kila jedwali nililotengeneza lilikuwa limejengwa juu ya kosa hilo. Nilisimama pale nikiwatazama vijana wawili wa zamu wakisukuma geti, na miguu ikanilegea.

Mzee alinipa madaftari mawili yaliyojaa. "Lakini yarudi. Mtu akidai lakiri imekatwa hapa, haya ndiyo ushahidi wetu."

Saa tisa usiku nilimpigia kiongozi wa timu, nikamweleza bila kuzunguka kwamba slaidi si sahihi na kosa ni langu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Usiniletee usiku mmoja. Niletee wiki tatu." Kwa hilo namshukuru mpaka leo, nimefanya kazi na wengine ambao wangeniambia nilale. Niliandika usiku ishirini na mmoja kwa mkono, mstari kwa mstari, mpaka Jumatano jioni, kwa mahamri na chai ya rangi. Wastani ulikuwa malori thelathini na manne. Kichwa cha slaidi kikabadilika: "Zamu ya usiku hupokea malori 34, kompyuta huyaandika asubuhi."

Alhamisi mkubwa wetu aliwasilisha, mimi nikakaa ukutani na kompyuta yangu mapajani, tayari kama hesabu ingeulizwa. Mkurugenzi wa yadi aliulizia ile hesabu ya zamani ya malori mawili, akajibiwa ukweli. Wakakubaliana palepale: zamu ibaki, na wa kuingiza rekodi awekwe usiku pia. Chini ya grafu paliandikwa kwa maandishi madogo: "Chanzo: madaftari ya geti; uchambuzi wa timu." Mwenye mwandiko ule hakutajwa popote. Hilo bado laniuma, kwa sababu mimi nililipwa kwa alichokijua yeye.

Jioni ile nikayarudisha madaftari. Tulikuwa tumetia saini mkataba wa siri: mfanyakazi wa mteja asiambiwe lolote mpaka uongozi utangaze wenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kushukuru na kuondoka.

"Mwanangu," mzee akasema, "watu wasema zamu yetu yaondolewa. Nina kijana yuko kidato cha tatu. Karo ya muhula ujao nimeiweka, lakini kama kazi hakuna, hiyo ndiyo pesa ya kula. Niambie tu: nilipe au nizuie?"

Nilifikiria saini yangu. Namkumbuka akingoja, mkono mmoja juu ya madaftari.

"Lipa, mzee."

Hakuniuliza nimejuaje. Aliyafungua madaftari, akapekua kurasa zote kuona kama zimo, akayafungia kwenye droo. Kisha akachukua tochi akatoka, maana trela la kwanza la usiku lilikuwa limeshafika.