Kuta Nne za Boot Scootin' Boogie

Kwetu Molo, kantri ilikuwa muziki wa Jumapili baada ya kanisa. Baba akiwasha redio, Jim Reeves akianza, watu wazima wananyamaza. Kenny Rogers, Skeeter Davis, Dolly Parton, wote tuliwasikiliza tumekaa, vikombe vya chai mkononi, na shangazi mmoja hakukosa kujifuta machozi. Kucheza kulikuwa na miziki yake, benga na rumba. Sikuwahi kuona mtu akiinukia kantri.

Nilipofika Texas mwishoni mwa miaka ya 90, nikapata kibarua cha kuhudumia wazee katika makao fulani mjini Fort Worth. Mengi yalinishinda kule, kuanzia lafudhi ya watu hadi joto la Agosti, lakini kwenye kantri nilijiona mwenyeji.

Bibi wa chumba cha mwisho ndiye aliyenivua huo uenyeji. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kwa ajili ya nyonga, na kando ya kitanda aliweka redio yenye sehemu ya CD. CD aliyoipenda ilikuwa The Greatest Hits Collection ya wanakantri wawili, Brooks & Dunn, iliyotoka 1997: nyimbo 19, tatu kati yake mpya. Hizo tatu zilimkera. Alisema zimetiwa makusudi ili mtu aliyekwisha kununua albamu zao zote alazimike kutoa pesa tena. "Nami nikatoa," akamalizia.

Alikuwa na upendeleo wa wazi. Ronnie Dunn alizaliwa Coleman, hukohuko Texas, basi huyo ndiye mwimbaji. Kix Brooks ni wa Louisiana, na kazi yake, kwa hesabu ya bibi, ilikuwa kukimbiakimbia jukwaani na gitaa. Kila mmoja alikuwa amehangaika kivyake kabla Tim DuBois wa kampuni ya Arista hajawaunganisha. Mwaka 1991 wakatoa albamu ya kwanza, na single zake nne za mwanzo zote zikapanda hadi namba moja kwenye chati za kantri. Kwa wimbo mmoja wa hizo nne, Boot Scootin' Boogie, kumbi za Marekani nzima zilijaa watu waliojipanga mistari wakicheza.

Jioni moja nilimwambia kwamba kwetu Kenya tunamjua Jim Reeves.

"Jim Reeves wa Panola, hapahapa Texas?" Alinitazama kama ninayemdai. "Na mnamchezaje?"

Nikamweleza kuhusu redio, Jumapili na chai. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasukuma kiti nyuma kunipa nafasi na kubonyeza kitufe. Boot Scootin' Boogie ikaanza.

"Simama hapo. Kulia pembeni, kushoto nyuma yake, kulia tena, gusa. Sasa rudi."

Nilijaribu. Raba zangu za kazi ziling'ang'ania sakafu na kulia kwii kwii kila nilipoburuta mguu. Bibi akakunja uso. Uchezaji ule unataka soli ya ngozi inayoteleza, akasema. Kwa viatu hivyo nitavunja goti. Akaniamuru nivivue. Kanuni za kazi zilikataza mhudumu kutembea bila viatu, na sote wawili tulilijua hilo.

Nikabaki na soksi. Hapo miguu ikaanza kutii. Yeye alihesabu kwa sauti huku akipiga kiganja kwenye mkono wa kiti, na kila mzunguko ulipoisha alipaza: "Robo!" Mchezo wenyewe ni wa kuta nne: unaanza unatazama ukuta mmoja, unamaliza hatua zako, unageuka robo, unaanza upya. Nilianza nikimtazama yeye. Nikageukia dirisha. Nikageukia kabati, sasa nimeshika mdundo, hata vidole gumba nimevichomeka kiunoni nilivyoelekezwa.

Robo ya tatu ikaniweka uso kwa uso na muuguzi wa zamu, aliyesimama mlangoni na kikombe cha vidonge.

Alizitazama soksi zangu. Akamtazama bibi.

"Usimtishe," bibi akasema. "Ndiyo kwanza ameanza kushika."

Muuguzi akampa dawa, akangoja anywe maji, akapunguza sauti ya redio kidogo. Akiwa anatoka alisema, bila hata kugeuka, kwamba mguu wangu wa kushoto unachelewa. Huyo naye alikuwa mtoto wa Texas.

Nilivaa viatu, nikaomba Neon Moon, wimbo wa mtu aliyeachwa anayezamisha majonzi yake baa. Huu, nikajiambia, naujua namna yake. Nikavuta kiti nikaketi.

"Unafanya nini?" bibi akauliza.

"Nasikiliza."

"Huu nao unachezwa, mwanangu. Wawili wawili, polepole." Aliinua mikono yake miwili hewani, akaiweka alipostahili kuwa mwenzake, mmoja begani, mwingine kiganjani. "Na huko kwenu kweli mnakaa tu?"

"Tunakaa."

"Na chai."

"Na chai, bibi."

Akatikisa kichwa, akauliza kama angalau tunaweka sukari.