Kunasa matokeo ya amri ya nje bila programu kukwama

Programu nyingi tunazoandika hazifanyi kila kitu zenyewe. Huita git ili kujua historia ya msimbo, huita df ili kujua nafasi iliyobaki kwenye diski, kisha husubiri majibu. Kuita amri ni rahisi. Kuyapata majibu yake yote bila kupoteza sehemu na bila kukwama ndiko kunakohitaji uangalifu, na nitalieleza jambo hilo kwa kutumia Python kwenye Linux.

Wengi huanza na os.system. Hiyo huendesha amri, lakini maandishi ya amri huenda moja kwa moja kwenye skrini, na kinachorudi kwenye programu ni hali ya kumalizika tu. Ili kuyanasa maandishi, mchakato mzazi, yaani programu yako, huunda paipu (njia za kupitishia data kati ya michakato) kabla ya kumzaa mtoto, yaani ile amri inayoendeshwa, kisha mkondo nambari 1 wa mtoto, yaani matokeo ya kawaida, na mkondo nambari 2, yaani ujumbe wa makosa, huelekezwa kwenye paipu hizo. Katika Python kazi hiyo hufanywa na subprocess.Popen.

Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu paipu ina kikomo. Kwenye Linux ujazo wake wa kawaida ni baiti 65,536, na mtoto akiijaza wakati mzazi hasomi, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, humsimamisha mtoto mpaka nafasi ipatikane. Ukiandika p.wait() kwanza na p.stdout.read() baadaye, p ikiwa ni mchakato ulioanzishwa na Popen, mzazi atasubiri mtoto amalize, huku mtoto akisubiri mzazi asome, na wote wawili watabaki hivyo bila ujumbe wowote wa kosa. Kinachonisikitisha ni kwamba majaribio hayaufichui udhaifu huu, kwa kuwa data ya majaribio huwa ndogo. Programu hukwama siku ambayo matokeo yamekuwa makubwa, yaani siku ambayo mtu anayahitaji kweli. Hata anayesoma mkondo wa kwanza hadi mwisho ndipo augeukie wa pili hajasalimika, kwani mkusanyaji wa msimbo (compiler) anayetoa maonyo mengi anaweza kuijaza paipu ya makosa wakati yeye bado anasubiri kwenye ile nyingine.

Dawa ni kusoma mikondo yote miwili kwa wakati mmoja. Ndivyo inavyofanya communicate() ya Popen, na ndivyo inavyofanya subprocess.run, iliyoingia katika Python 3.5 na kuongezewa capture_output, inayonasa mikondo yote miwili, katika toleo la 3.7:

r = subprocess.run(["git", "log", "--oneline"], capture_output=True, text=True, timeout=30)

Amri imeandikwa kama orodha, si kama mstari mmoja unaopitishwa kwenye sheli (programu inayotafsiri amri zilizoandikwa), ili jina la faili lenye nafasi au nukta mkato lisije likageuka kuwa amri nyingine. Muda ukipita, mtoto huuawa na programu hupata TimeoutExpired. Njia hii, hata hivyo, huweka matokeo yote kwenye kumbukumbu, kwa hiyo kwa amri inayotoa gigabaiti kadhaa ni afadhali matokeo yaandikwe kwenye faili.

Nambari ya kumalizika nayo ni sehemu ya jibu. Sifuri humaanisha mafanikio, lakini grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya maandishi, hurudisha 1 isipopata kitu na 2 inapokutana na kosa, kwa hiyo anayeweka check=True, inayogeuza kila nambari isiyo sifuri kuwa hitilafu, kila mahali atapata hitilafu hata pale ambapo jibu sahihi ni kwamba hakuna kilichopatikana.

Mwisho, ikiwa programu yako inachambua maandishi hayo, iendeshe amri ukiwa umeweka LC_ALL=C, mpangilio wa lugha ya msingi isiyobadilika, kwenye mazingira yake, kwa kuwa amri nyingi hubadilisha lugha ya ujumbe kulingana na mipangilio ya mashine. Kwa git, tumia git status --porcelain, ambayo muundo wake umekusudiwa kusomwa na programu.