Jemu ya zabibu dirishani

Nilipohamia Portland, jimbo la Maine, sikujua kwamba kuna mahali jua huzama saa kumi alasiri. Ndiyo, kwa saa zetu za Kiswahili. Desemba, saa kumi na dakika chache, giza. Kazi yangu ni ya usiku, katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo majira yale ya kwanza ya baridi niliingia kazini gizani, nikatoka gizani, na mchana nikalala. Kufika Januari mwili ulikuwa mzito kama gunia la chumvi lililonyeshewa. Daktari akanipa vidonge vya vitamini D na sharti moja: kila asubuhi, kabla ya kulala, nitembee nje japo dakika ishirini. Nikatembea. Ndege nilianza kuwatazama kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama.

Mimi ni mtoto wa Malindi. Kule Mida, kuanzia Septemba hivi mpaka Aprili, matope hujaa ndege wa pwani waliotoka Siberia na kwingineko, na sisi wote tuliwaita vitwitwi, basi, hadithi imeisha. Sikuwahi kujiuliza huko walikotoka kukoje wakati wao hawapo. Sasa najua: ni theluji, na chikadii. Huyo ni kidege wa kiganja kimoja, kofia nyeusi, shingo nyeusi, haendi popote baridi ikija. Ndiye ndege wa jimbo, na ndiye niliyemjua wa kwanza.

Mwishoni mwa Novemba 2018 nilikuwa nakata bustani ya Deering Oaks kuelekea kituo cha basi, nikakuta watu kama thelathini wamesimama wanatazama juu, kamera zenye lenzi ndefu kama chupa za chai. Juu ya mti alikaa mwewe mkubwa wa rangi ya kahawia yenye mabaka, miguu mirefu ya njano isiyo na unyoya hata mmoja. Mzee mmoja akaniazima darubini yake bila kuombwa. Kindi alikuwa amebanwa chini ya ule mguu, na mwewe anamchana taratibu, vipande vya manyoya vinaelea mpaka chini kwenye theluji.

Alikuwa mwewe mweusi mkubwa, bado kijana, ndiyo maana hakuwa mweusi. Kwao ni Meksiko kushuka mpaka Amerika ya Kusini. Ndege huyohuyo alikuwa ameonekana Texas mwezi Aprili, kisha Biddeford hapa Maine mwezi Agosti; watu walilinganisha mabaka ya manyoya kwenye picha wakathibitisha ni yeye. Nilipita pale karibu kila asubuhi kwa wiki kadhaa. Chakula hakikumpungukia, kwani kindi wa Deering Oaks ni wanene na hawana adabu. Tatizo lilikuwa ile miguu. Tarehe 20 Januari 2019, katikati ya dhoruba ya theluji, alikutwa chini, hawezi kusimama. Akapelekwa kituo cha kuuguza ndege, lakini miguu yote miwili ilikuwa imeungua kwa baridi, na tarehe 31 mwezi huohuo akalazwa usingizi wa mwisho. Siku hizi ana sanamu yake palepale bustanini.

Watu wa nyumbani nikiwasimulia hupenda kunifananisha na yule mwewe. Sipendi mfano huo. Mimi nilikuja kwa ndege ya abiria, nina koti, na najua njia ya kurudi.

Lakini nilitoka na jambo moja ambalo limenifaa kuliko darubini: ndege aliyepotea wakati wa baridi hatafutwi kwa macho kwanza, hutafutwa kwa tumbo lake. Mchana una urefu wa saa tisa tu, na usiku mrefu unakula mafuta yote ya mwili. Ndege wa namna hiyo hana muda wa kuzurura. Akipata mahali penye chakula atarudi kesho na keshokutwa. Nikaacha kutembea ovyo nikaanza kujiuliza: wiki hii chakula kiko wapi? Maji ambayo hayajaganda yako wapi? Miti gani bado ina matunda? Nani ana kilishio cha mbegu uani, na ana moyo wa kukijaza kila siku?

Hivyo ndivyo nilivyompata yule wa Capisic. Mwanzoni mwa Februari 2021 habari zilienea kwamba kwenye bustani ya bwawa la Capisic, ndani ya Portland hiihii, yuko ndege wa Ulaya wa ukoo mmoja na robini, yule ndege wa kawaida wa huku mwenye kifua chekundu, ila mgeni huyu ana alama nyeupe juu ya jicho na wekundu ubavuni chini ya bawa. Wengi wanadhani robini ni dalili kwamba baridi imeisha. Si kweli. Robini kibao hubaki Maine baridi nzima mradi kuna matunda ya vichaka, ila huwaoni kwenye majani ya uani kwa sababu minyoo imelala. Sikumtafuta mgeni. Nilitafuta vichaka vyenye matunda, nikakuta kundi la robini, nikakaa. Nikawa nahesabu mmoja mmoja kama shanga: robini, robini, robini. Wa kumi na ngapi sijui, akageuka, na pale juu ya jicho pana mstari mweupe kama chaki. Aliruka, akaonyesha wekundu wa ubavu, akarudi kwenye tunda lake. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, sikupata hata picha.

Kuhusu mikono na vifaa, niseme haya kwa anayetaka kuanza. Simu iwekwe mfuko wa ndani karibu na mwili, la sivyo betri yenye asilimia sitini itazima ghafla. Usiingize darubini ndani ya gari au nyumba yenye joto kisha ukategemea kuitumia papo hapo, itajaa ukungu kama kioo cha bafuni. Na pumua pembeni, si kwenye vioo. Glavu vaa mbili, nyembamba ndani, nene juu.

Makosa pia nimefanya, na moja linanichekesha hadi leo. Katika majira yangu ya pili ya baridi nilikuwa na uchu wa bundi mweupe wa Aktiki. Miaka ambayo panya wa kule kaskazini wamekuwa wengi, bundi hao huzaa sana, na watoto wao hushuka kusini kwa wingi; baridi ya 2013 kuingia 2014 walijaa pwani yote hii. Mama nilipomwambia kwenye simu alinyamaza, kisha akasema, “Mwanangu, huku bundi akilia paani tunamfukuza, wewe unapanda basi kumfuata?” Nikamfuata. Kwenye matuta ya mchanga Scarborough nikamwona, mweupe, ametulia, hata upepo haumtikisi. Nikajaza taarifa kwenye eBird, mtandao wa kuandikisha ndege walioonekana, kwa mbwembwe zote. Baadaye mtu wa kujitolea anayekagua taarifa akaniandikia kwa upole sana kuomba maelezo zaidi, nami nikarudi kesho yake kupiga picha. Ilikuwa dumu la plastiki. Nilifuta taarifa, na tangu siku hiyo sitaji jina la ndege mpaka ageuze kichwa.

Kisha akaja yule ambaye hata wasiojua ndege walimsikia: furukombe wa Steller. Huyu ni jamaa wa furukombe wetu anayelia juu ya mito, ila ni jitu. Uzito unaweza kufika kilo tisa, na mabawa yakifunguliwa hupita mita mbili. Kwao ni Kamchatka na pwani ya mashariki ya Urusi, baadhi hushukia Japani wakati wa baridi. Huyu mmoja alionekana Alaska mwaka 2020, akazunguka bara zima, akapita Kanada ya mashariki, Desemba 2021 akawa Massachusetts, na siku ya 30 mwezi huo yuko Georgetown, Maine.

Georgetown ni mwendo wa saa moja kwa gari na basi haliendi. Nikamwomba jirani yangu Mkongomani, tukachanga petroli. Safari ya kwanza tulisimama kwenye gati ya Five Islands saa sita nzima bila kuona kitu, upepo wa bahari unapenya mpaka kwenye meno. Jirani akasema, “Dada, kwa baridi hii hata mimi ningerudi Urusi.” Nilidhani hatanipeleka tena, kumbe kwake imeshakuwa deni. Safari ya pili alimwona yeye kabla yangu. Alikuwa kwenye msonobari ng'ambo ya maji, mabega meupe kama amejitupia kanzu, na lile domo. Hakuna picha inayokuandaa kwa lile domo la rangi ya chungwa, nene kama panga la kukatia nazi. Tai wa kichwa cheupe, yule wa kwenye nembo ya Marekani, alikuwa tawi la pili, na nakuambia alionekana kuku. Kunguru walimzonga Mrusi, yeye hata hakugeuka.

Huyu hakufa. Alibaki miezi, akaondoka, na Februari 2023 akarudi maeneo yaleyale. Umbali wa kupotea si hoja, kwani huyu katoka mbali zaidi kuliko yule mwewe wa Deering Oaks. Ila mwili wake ni wa barafu, na samaki na bata wa bahari anaowajua wapo.

Tangu 2019 hushiriki ile hesabu ya ndege ya Krismasi. Ilianza mwaka 1900, watu 27 katika maeneo 25, ili kuwe na mbadala wa desturi ya kwenda kupiga ndege risasi siku ya sikukuu. Siku hizi kila kundi huchagua siku moja kati ya tarehe 14 Desemba na 5 Januari, na huhesabu ndani ya duara lenye kipenyo cha kilomita 24. Kazi yenyewe inachosha na haina fahari: nimewahi kukabidhiwa maegesho ya duka, niwahesabu shakwe. Lakini humohumo ndimo jicho hujifunza wa kawaida.

Na wangu mwenyewe, niliyemgundua mimi, sikumpata safarini. Nilikuwa nimemwomba meneja ruhusa ya kufunga kilishio nje ya dirisha la bibi mmoja ambaye hatoki kitandani. Alikubali kwa sharti kwamba kusafisha kioo ni juu yangu. Baada ya ile tufani ya tarehe 23 Desemba 2022 iliyokata umeme, bibi akaniambia kuna chikadii wa njano. Nikasema, sawa bibi. Kesho yake akarudia. Siku ya tatu nilichelewa kutoka kazini makusudi, nikaketi kando ya kitanda, na yakaja manjano yaliyofifia, mabawa yenye mistari miwili myeupe, mdomo mrefu uliochongoka. Orioli wa Baltimore, jike au kijana. Ndege ambaye alipaswa kuwa Florida au Amerika ya Kati tangu Septemba.

Nilimwandikisha bila kutaja jengo. Meneja hakutaka watu wenye darubini madirishani kwa wazee, na alikuwa na haki. Kazi iliyobaki ilikuwa ya jikoni. Orioli hali mbegu za alizeti. Nikaleta nusu za chungwa, shahamu ya ng'ombe, minyoo mikavu niliyoilowesha maji ya uvuguvugu, na jemu ya zabibu kwenye kifuniko cha chupa. Jemu ndiyo aliyoipenda, ingawa nilijua shahamu ndiyo itakayomvusha usiku.

Kuamkia tarehe 4 Februari 2023 Portland ilishuka mpaka nyuzi 26 hivi chini ya sifuri, na upepo juu yake. Zamu nzima bibi alikuwa macho. Saa moja kasoro jua likachomoza, hakuna kitu. Nilitoa jemu nje, ikaganda kabla sijafunga dirisha vizuri. Nikaleta kifuniko kingine, nacho kikaganda, nikawa navibadilisha kila dakika chache, kimoja nje, kimoja juu ya kikanza joto. Saa moja na nusu ikaja donge la manyoya, mviringo kama limau, shingo haionekani, mguu mmoja umefichwa tumboni. Akadonoa jemu mara nne, akahamia kwenye shahamu akakaa humo.

Bibi akaniuliza kama chupa ya jemu imebaki na kiasi gani.