Nilivyosoma digrii ya ualimu kwenye chuo kidogo, darasa la watu 12

Watu wakisikia nilisoma digrii ya elimu kwenye chuo kidogo huwa wananiuliza kwa nini sikwenda chuo kikubwa, na jibu langu ni kwamba wakati naomba wala sikuwa najua tofauti, niliomba nikachaguliwa nikaenda. Tofauti nimeijulia hukohuko ndani. Kwenye chuo kidogo huna pa kujificha. Mi nilichukua hisabati na fizikia, na darasa la mbinu za kufundisha hisabati tulikuwa 12, usipokuja lekchara anajua kabla hajagusa karatasi ya mahudhurio, usiposoma anajua pia maana zamu ya kupresenti inakurudia haraka sana.

Mwaka wa kwanza ulinichanganya kiukweli. Nilienda nikijua naenda kusoma hisabati, nikakuta kozi kibao ni za elimu yenyewe, saikolojia ya elimu, falsafa, mitaala, upimaji, nikazidharau. Nilikuwa nakariri tu, Piaget na hatua zake nne za akili ya mtoto inavyokua, Bloom na ngazi zake sita za kufikiri, naandika kwenye mtihani nasahau. Matokeo yakatoka, hisabati nimefaulu vizuri, saikolojia ya elimu nina sapu, yaani nimefeli natakiwa kurudia mtihani. Niliumia sana maana nilikuwa najiona mimi ndo mwalimu wa kuzaliwa.

Hiyo sapu niliitoa kwa kikundi. Laibrari yetu ilikuwa ndogo, kitabu kimoja watu 12 mnakisubiri, kwa hiyo tukawa wanne, kila mtu anachukua sura yake anaisoma halafu anakuja kutufundisha sisi watatu bila kuangalia daftari. Mi nikaangukiwa na Vygotsky, yule Mrusi aliyefariki 1934 akiwa na miaka 37 tu, anayesema kuna vitu mtoto anaviweza peke yake na kuna vitu anaviweza akishikwa mkono kidogo, na kufundisha kwa maana ni kufanya kazi kwenye hiyo nafasi ya katikati. Nilikuwa nimeshaisoma mara tatu bila kunigusa, ila siku ya kuwaeleza wenzangu mmoja akaniuliza sasa utajuaje mtoto yuko wapi kwenye hiyo nafasi, nikakosa jibu. Lile swali lilikaa kichwani mwaka mzima.

Jibu nilikuja kulipata kwenye mikrotichingi mwaka wa pili, na hapa ndo nataka nikae kidogo. Kwa ambaye hajapitia, unafundisha somo fupi la dakika 10 au 15, wenzako ndo wanafunzi, kinaangaliwa kitu kimoja tu, mfano namna unavyouliza maswali, unarekodiwa, mnaangalia wote, unakosolewa, halafu unarudia tena lilelile. Kitu hiki kilianza Stanford, Marekani, mwaka 1963, kwa kazi ya Dwight Allen na wenzake. Rafiki yangu aliyekuwa chuo kikubwa alisema kwao mmoja alifundisha kwa niaba ya kundi zima. Sisi kwa uchache wetu kila mtu alisimama mara sita ndani ya semista moja, mara sita! Hii ndo faida ya chuo kidogo ambayo hakuna anayekuambia unapoomba.

Mara ya kwanza nilifundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Nilipewa dakika 15 nikamaliza kwa 7, nikaenda kukaa nimeridhika kabisa. Madam, lekchara wetu, hakusema neno, akawasha video, akampa mwenzangu simu ahesabu sekunde kati ya swali langu na mtu wa kwanza kuongea. Niliuliza maswali 14, na kwenye 9 mtu wa kwanza kuongea nilikuwa mimi mwenyewe. Darasa zima kimya. Madam ndo akatueleza habari za Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyerekodi walimu madarasani akakuta wengi wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu, na wale waliojifunza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu, wengi zaidi wakajibu wenyewe bila kutajwa, na "sijui" zikapungua.

Sekunde 3 ukizisoma ni kidogo, simama mbele ya watu uzisubiri uone. Nilikuwa natokwa jasho. Nilichofanya ni kwamba nikishauliza narudi nyuma hatua mbili, naweka chaki chini, nahesabu kimoyomoyo, maana nikiwa nimeshika chaki mkono unaenda ubaoni wenyewe.

Ila kusubiri peke yake hakukutosha, kumbe maswali yenyewe yalikuwa mabovu. Nikachukua zile ngazi za Bloom za 1956 nilizokuwa nakariri nikapanga maswali yangu 14, 13 yakaangukia ngazi ya chini kabisa, ya kukumbuka tu. Asili ni ipi, kiasi ni ipi, sasa hapo mtu anasubiriwa awaze nini? Tangu hapo kwenye andalio la somo nikawa naandika maswali mawili makubwa neno kwa neno kabla sijaandika kitu kingine. Kwa somo lile niliandika hivi: mwanafunzi mmoja amepata 1/2 + 1/3 = 2/5, alikuwa anawaza nini, na utamwonyeshaje bila kumpa jibu? Na hapo ndo nikapata jibu la lile swali la Vygotsky, utajua mtoto yuko wapi ukimwuliza swali la kuwaza halafu ukanyamaza umsikilize.

Nililibeba swali hilo mpaka mazoezi ya kufundisha, darasa la watoto zaidi ya 40, msimamizi kakaa nyuma na fomu yake. Nikaliandika ubaoni, nikauliza, nikaweka chaki chini. Kimya. Sekunde 3 zikapita, 5 zikapita, nikamwona msimamizi anainua macho, moyo unanienda mbio na mdomo unataka kusema lakini nikaubana. Kwenye 9 hivi kijana mmoja ambaye wiki nzima sikuwa nimesikia sauti yake akasema taratibu, "Mwalimu, hiyo mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu. Tumeongeza, halafu imepungua?" Darasa likalipuka, kila mtu anataka kuongea, mmoja akaja ubaoni kuchora mwenyewe bila kuitwa, na mi nikahamia pembeni karibu na dirisha nikawaachia ubao.