Ndege mweusi anayezama Naivasha: tazama mdomo kwanza

Kwenye Ziwa Naivasha, ndege anayewatatiza wageni mara nyingi ni yule mweusi mwenye shingo ndefu, anayezama hapa na kuibukia kule. Wengi humwita bata, kisha hupekua kurasa za mabata bila mafanikio. Huyo ni mnandi au mbizi, na minandi wenyewe ni wa aina mbili ziwani humo.

Rangi iache kwanza. Tazama mdomo. Wa mnandi umepinda nchani kuwa ndoana. Wa mbizi umenyooka na kuchongoka mpaka mwisho. Mnandi humbana samaki kwa mdomo, mbizi humchoma kwa ncha yake. Ukimwona ndege ameibuka na samaki aliyechomwa ubavuni, akamtikisa mpaka achomoke, akamrusha juu kidogo na kummeza kwa kutanguliza kichwa, kazi imekwisha: ni mbizi. Shingo yake nayo ina kikunjo cha ghafla kinachoonekana hata akiwa angani. Akiogelea, mara nyingi mwili wote hufichika na kubaki kichwa na shingo tu juu ya maji. Mnandi pia huogelea chini sana, ila mgongo wake kwa kawaida huonekana.

Kuanika mbawa hakusaidii kuwatofautisha, kwa sababu wote hufanya hivyo. Manyoya yao hulowa, jambo linalowarahisishia kuzama, kisha inabidi wayakaushe. Watafute juu ya migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini tangu ziwa lilipofurika. Hapo hukaa bila kusogea, nawe unapata muda wa kutosha.

Ukishajua ni mnandi, pima ukubwa kwa jirani yake. Mnandi mkubwa, mwenye koo na kifua cheupe, ana urefu wa sentimita 80 hadi 100, na akiwa karibu na bata bukini haonekani mdogo. Mnandi mdogo ana sentimita 50 hadi 60 hivi, mkia mrefu kwa mwili wake, mdomo mfupi wa manjano, na akikomaa macho mekundu.

Makosa mengi hutokea kwa wachanga. Mnandi mdogo ambaye hajakomaa huwa mweupe-mweupe chini, na mtu akiona weupe huo huandika haraka kwamba ni yule mkubwa. Rudi kwenye mkia na ukubwa. Halafu kumbuka kwamba mkubwa aliyekomaa ana tumbo jeusi chini ya kile kifua cheupe. Weupe ukiteremka hadi tumboni, mara nyingi unamtazama mchanga, wa aina yoyote kati ya hizo mbili. Mbizi mchanga naye hana shingo ya hudhurungi iliyokolea, ila mdomo haubadiliki.

Kama ndege wako ni mdogo wa sentimita 25 hadi 29, mviringo na kama asiye na mkia, achana na hao wote. Huyo ni kibisi mdogo. Doa la rangi hafifu penye pembe ya mdomo humthibitisha. Mweusi mwenye mdomo mweupe na kipaji cheupe ni kukuziwa.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha. Jua liwe mgongoni mwako. Likiwa mbele yako, kila ndege wa majini huwa mweusi na macho mekundu hayaonekani. Piga picha ya ubavuni inayoonyesha mdomo na mkia, hata ikiwa na ukungu kidogo. Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, huzingatia mahali na tarehe inapopendekeza majibu, kwa hiyo vijaze sawasawa. Picha ya ndege aliyekupa mgongo itakuletea jibu, lakini mimi nisingeliamini.

Na asubuhi na mapema usitembee ukingoni peke yako kumfuata ndege. Viboko huwa bado wanarudi majini kutoka malishoni, na hawapendi kukuta mtu njiani. Kodi mashua yenye nahodha anayejua ziwa, umwombe azime injini mbali kidogo na ile miti.