Globu za LED zilikuwa zinanifia ovyo, sasa nazirekebisha mwenyewe

Jamani hizi globu za LED wengi mnazitupa zikiwa nzima. Nasema kwa uchungu maana hela yangu imeondoka sana, elfu tatu hapa, elfu nne pale, boksi limeandikwa masaa 25,000 na globu yenyewe haimalizi hata msimu. Niko Chanika, nyumba ya bati na jipsam, barazani kuna yale makopo ya kioo ya kufunika taa. Zilizokuwa zinakufa ni hizohizo za barazani na zile zilizozama kwenye jipsam sebuleni, ya jikoni inayoning'inia wazi haijawahi kusumbua. Hapo tu mtu alitakiwa ajiulize. Fundi niliyemwita hakujiuliza, kasema "kaka umeme wako unapanda na kushuka, weka stabilaiza ya nyumba nzima", laki kadhaa hiyo! Nikachomeka mita ya kupimia volti kwenye soketi, asubuhi, mchana, na usiku watu wakiwa wamewasha kila kitu, inacheza volti 225 mpaka 235. Umeme gani huo unaopanda?

Nikaanza kuzifungua. Ile kofia nyeupe ya plastiki imebandikwa na silikoni tu, unapitisha kisu pembeni inatoka. Ndani kuna sahani ya aluminiamu ina vipande vya njano vimepangwa duara, hizo ndo LED zenyewe. Karibu kila globu iliyokufa utakuta kipande kimoja kina doti nyeusi katikati, kama kimechomwa na sindano ya moto. Kimoja tu! Vingine vyote vizima, ila vimeungwa mfululizo, umeme ukitoka hiki unaingia kile, kikikatika kimoja zinazima zote.

Na hapa ndo ushauri mbovu ulinikera. Wanakwambia weka mita kwenye alama ya diodi (LED nayo ni diodi), gusa LED, isipowaka imekufa. Sio kweli. Punje moja ya LED nyeupe inataka kama volti 3, na kwenye globu hizi kipande kimoja mara nyingi kina punje mbili, tatu au zaidi ndani yake, kwa hiyo kinataka 6, 9, hata 18. Mita nyingi hazifikishi huko, ndo maana inakuonyesha zote zimekufa unaenda kutupa kitu kizima. Mimi nilichukua betri mbili za volti 9, zile za mraba, nikaziunga zikawa 18, mbele nikaweka rezista ya kilo-omu 1 ili karenti isizidi, nikawa nagusa kipande kimoja kimoja. Kisipowaka geuza waya kwanza, diodi inapitisha upande mmoja tu. Kinawaka hiki, kinawaka hiki, hiki kimya. Raha yake usiombe.

Nikang'oa kile kimya, nikaziba pengo kwa tone la risasi ya kuchomelea waya, globu ikawaka. Baada ya muda ikafa, kipande kingine, doti ileile. Nikaziba tena, ikafa tena. Basi nikajua shida haiko kwenye kipande, iko kwenye joto.

LED sio waya unaochemshwa kama globu za zamani. Ndani kuna tabaka mbili za semikondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme nusunusu, moja ina elektroni za ziada, nyingine ina nafasi tupu, karenti ikipita elektroni zinadondokea kwenye zile nafasi na nishati zinayoachia inatoka kama mwanga. Nishati ikiwa ndogo unapata nyekundu, ndo maana nyekundu ilitangulia, Nick Holonyak aliitoa 1962, bluu ikaja kusumbua kama miaka 30 mpaka wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura wakaiweza na wakapewa Nobel 2014. Nyeupe ya nyumbani kwako ni punje ya bluu imepakwa unga wa njano juu. Sasa globu ya zamani joto lake kubwa lilikuwa linarushwa nje pamoja na mwanga, ila la LED linabaki mgongoni mwa punje, lazima lipite kwenye aluminiamu ndo litoke hewani. Ukaifungie kwenye kopo la kioo, au juu ya jipsam chini ya bati mwezi wa pili, litoke liende wapi? Na wenye viwanda vya bei chee wanaweka LED chache halafu wanazisukuma kwa nguvu ili boksi liandikwe wati nyingi.

Dawa ninayo. Kwenye ileile sahani kuna aisii ndogo, ile chipu inayoongoza umeme wa LED, pembeni yake rezista mbili bapa zimekaa sambamba, hizo ndo zinazoamua karenti kiasi gani ipite. Ng'oa moja. Zikiwa na namba sawa karenti inashuka nusu, zikitofautiana ukitoa yenye omu ndogo inashuka sana, ukitoa yenye omu kubwa inashuka kidogo. Mwanga haushuki nusu, maana LED ikisukumwa taratibu inatoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati. Niliiwasha moja niliyopunguza na moja ya dukani, nikaziacha mpaka usiku: ya dukani shingo haishikiki, yangu vuguvugu tu. Tangu hapo barazani sijabadilisha globu. Na sio ujanja wa uchochoroni huu, Philips na Dubai Municipality walitoa taa 2016 ya lumeni 200 (kipimo cha mwanga) kwa kila wati, LED nyingi zinasukumwa kidogokidogo, wati 3 inachukua nafasi ya globu ya zamani ya wati 60.

Ila ile sahani usiiguse ikiwa kwenye umeme, ni 230 mojakwamoja, na ukizima subiri kapasita, ile inayotunza umeme, iishe chaji. Kingine, kama globu yako inang'aa kwa mbali usiku wakati swichi umezima, hakuna jini, huenda fundi amekata nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto, holda bado ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa, mwite arudi arekebishe.

Zenye rezista moja usiing'oe, haitawaka kabisa, badilisha weka yenye omu kubwa kidogo kutoka kwenye globu nyingine mbovu. Zisizo na aisii, karenti yake inaamuliwa na kapasita, hizo unaweka kapasita ndogo zaidi yenye volti zilezile.