Toka Sirari mpaka Thimlich Ohinga

Sirari ya Tanzania na Isebania ya Kenya ni kama mji mmoja uliokatwa katikati na mpaka, Wakurya huku Wakurya kule, ukishagongewa muhuri unabadilisha hela unapanda matatu ya Migori basi. Mstari wenyewe waliupanga Waingereza na Wajerumani 1886, wakaanzia pwani mto Umba unapoingia baharini, wakazunguka Kilimanjaro, wakaja kugota Ziwa Victoria kwenye digrii 1 kusini, na hakuna Mkurya wala Mjaluo aliyeulizwa.

Migori nikachukua boda, ni kama kilomita 46 hivi kaskazini magharibi na vumbi sio la kitoto. Ila ukifika Thimlich Ohinga, maboma ya kale ya mawe, uchovu wote unaisha. Kuta za mawe matupu jamani, hakuna saruji hakuna udongo, jiwe limekalia jiwe, unene kama mita moja na kuna sehemu zinapita mita 4 kwenda juu, na zimesimama tangu karne ya 16 hivi. UNESCO wameziingiza kwenye urithi wa dunia 2018. Mlango ni mfupi, juu wamelaza mawe marefu, lazima uiname, yaani kama umekuja kwa shari kichwa ndo kinatangulia kwa wenyewe. Ndani kuna alama za nyumba, mazizi ya ng'ombe, sehemu ya wahunzi, na mashimo ya bao yamechongwa kwenye mwamba, hapo nilikaa sana.

Sasa kinachonigusa ni hiki, ukuta huu ulilinda watu na mifugo yao lakini haukuwafungia dunia. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta shanga za kioo zilizokuja kwa biashara ya mbali, na wakazi wamepokezana, kundi moja likihama lingine linaingia, linakarabati ukuta uleule maisha yanaendelea. Alafu leo mtu anaandika mtandaoni hii ardhi yetu tangu enzi, wale ni wakuja warudi kwao. Wakuja tangu lini?

Shuleni tulikaririshwa 1886 mpaka ikatukaa kichwani ila Thimlich sikuwahi kuisikia, na inaniuma kweli. Natamani wabunge wa Afrika Mashariki pale Arusha wapelekwe huku, waingie kwa kuinama kwenye ule mlango, ndo wakaendelee kubishana vibali vya kazi na nani mgeni nani mwenyeji. Na we ukienda elewana na boda akusubiri, kurudi usafiri ni wa shida.